Mamiya RB67 ya filamu: ninunue au niache?

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Nina studio ndogo hapa Jinja. Ninapiga picha za harusi, kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe) na pasipoti kwa kamera ya dijitali. Majirani zangu wanauza Mamiya RB67 Pro-S iliyokuwa ya marehemu baba yao, pamoja na lenzi ya milimita 127 na migongo miwili ya filamu (visanduku vya kushikia filamu nyuma ya kamera), kwa shilingi milioni mbili za Uganda. Naitamani sana, lakini mume wangu anasema hiyo ni kununua chuma. Kamera hii ina uzuri gani siku hizi, ina ubaya gani, na wewe ungenishauri nini?

Jibu: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ndipo nikupe sababu. Kama unaitaka kwa ajili ya harusi na kwanjula, iache. Kama unaitaka kwa picha za watu waliotulia mbele yako, mmoja mmoja au familia, studioni kwako au barazani kwao, inunue, mradi ifaulu majaribio nitakayokueleza huko chini. Na shemeji usimpuuze. Milioni mbili ni pesa, lakini kwenye kazi ya filamu bei ya kamera ndiyo gharama ndogo. Gharama yenyewe huanza siku unapotia mkanda wa kwanza, na huendelea kwa kila mbofyo.

Uzuri wote wa kamera hii, na karibu ubaya wake wote, unatokana na ukubwa wa negativu. RB67 hutumia filamu ya 120, ambayo Kodak waliileta sokoni mwaka 1901 na ambayo ingali inatengenezwa. Upana wake ni karibu sentimita 6, na haina kopo kama filamu ya milimita 35. Inaviringwa kwenye kijiti pamoja na karatasi nyeusi inayoikinga na mwanga. Kwa mkanda mmoja unapata fremu 10, kila moja takriban milimita 56 kwa 69. Fremu ya 35 ni milimita 24 kwa 36. Zidisha mwenyewe utaona eneo ni zaidi ya mara nne.

Sasa chukua picha ya kutundika ukutani ya sentimita 50 kwa 60. Negativu ya 35 italazimika kukuzwa karibu mara 21 kufikia ukubwa huo. Ya RB67 itakuzwa mara 9 tu. Chembe za filamu, mikwaruzo, na mtikisiko mdogo wa mkono, vyote hukuzwa kwa kiasi hicho hicho. Ninayo picha ya bibi mmoja wa Masaka aliyevaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, niliyoipiga kwa filamu nyeusi na nyeupe na kuichapisha kubwa. Ukiisogelea unaona vifungo viwili vya kwenye shingo upande wa kushoto, unaona uzi wa kifungo kimoja umeshonwa upya kwa rangi iliyokoza zaidi, unaona nyuzi za mshipi zinavyopanda na kushuka pale ulipofungwa kiunoni. Mwenyewe alipoiona, cha kwanza alichokigusa ni kile kifungo.

Lakini usiinunue kwa ajili ya ukali wa picha peke yake. Kamera ya dijitali ya kisasa yenye megapikseli 45 na lenzi nzuri itashindana na RB67 kwa ukali, na mara nyingi itaishinda. Mimi ninachokithamini zaidi ni jinsi mwanga unavyobadilika usoni. Kwenye ngozi nyeusi kuna safari ndefu kutoka pale jua linapong'aa kwenye paji la uso hadi kivuli cha chini ya taya, na negativu kubwa huionyesha safari hiyo hatua kwa hatua bila kuruka. Ule mng'ao wa juu haukatiki ghafla ukawa doa jeupe. Dijitali nayo hufika karibu na hapo, kwa kazi nyingi ya kompyuta. Filamu hukupa hivyo tangu mwanzo, ukiipa mwanga wa kutosha.

Na hapo kwenye mwanga wa kutosha ndipo wengi wanapoharibu. RB67 Pro-S haina kipima mwanga chochote. Haina hata betri. Utanunua kipima mwanga cha mkononi, au utumie programu ya simu kwa kuanzia. Ukipima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu aliyevaa kanzu nyeupe, kipimo kitakudanganya na uso utatoka kizani. Pima mwanga unaomwangukia: simama alipo yeye, elekeza kile kikombe cheupe cha kipimo kwenye lenzi. Kisha ongeza kidogo. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi, lakini uliopungua haina la kufanya nao. HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kushika mwanga), mimi huipima kama ISO 200 ninapopiga watu weusi barazani, na Portra 400 ya rangi vivyo hivyo. Vivuli vinajaa, na uso haupotei.

Kuna uwezo mwingine wa RB67 ambao kwetu hapa karibu na ikweta una thamani kuliko unavyodhaniwa. Shata yake, kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, imo ndani ya lenzi, si ndani ya mwili wa kamera, kwa hiyo flashi inafanya kazi kwa kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/400. Kamera nyingi za dijitali huishia 1/200 au 1/250. Fikiria saa saba mchana Jinja, jua limesimama utosini na macho ya mtu yamekuwa mashimo meusi. Unataka flashi ijaze vivuli. Kwa filamu ya ISO 100 jua kali linataka f/16 (f ni tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) kwa 1/100, ambayo ni sawa na f/8 kwa 1/400. Kwa f/8 flashi yako ndogo inatosha; kwa kamera inayoishia 1/200 ungelazimika kufunga hadi f/11 na kuhitaji flashi yenye nguvu maradufu. Kweli, dijitali ina ujanja wa kupiga flashi kwa kasi kubwa zaidi, ila ujanja huo hula nguvu nyingi ya flashi. Hakikisha tu kiswichi cha flashi kwenye lenzi kiko kwenye X, na kwa kazi ya mchana namna hii tia filamu ya ISO 100 au 160.

Ile migongo miwili waliyokutajia ni mali. Unaweza kuwa na filamu ya rangi kwenye mmoja na nyeusi na nyeupe kwenye mwingine, ukabadilisha katikati ya kazi bila kupoteza hata fremu moja, kwa kutelezesha lile bati la kuzuia mwanga kabla ya kuutoa. Zaidi ya hayo mgongo unazunguka: ukitaka picha ya wima unauzungusha wenyewe, kamera inabaki pale pale kwenye stendi. Huo ndio uhandisi wa watu waliojua kazi ya studio. Kamera hii ilitoka mwaka 1970, na Pro-S ikafuata mwaka 1974 ikiwa na kinga zilizokosekana kwenye ile ya kwanza, mojawapo ikiwa kukuzuia kupiga fremu mbili juu ya moja kwa bahati mbaya.

Niseme pia jambo lisilopimwa kwa milimita. Kwenye RB67 unatazama kutoka juu, kichwa umekiinamisha, kwenye kioo kikubwa. Uso wako haujafichwa na kamera. Ukishapanga kila kitu unainua kichwa, unashika waya wa kubofyea, unamtazama mtu machoni mkiwa mnazungumza, na unabofya wakati unaoona unafaa. Wazee hasa hulegea mbele ya kamera ya namna hii. Wanakumbuka studio za zamani, wanajua kukaa, wanajua kunyoosha kanzu. Ukiwa na fremu 10 tu, na wao wakijua ni 10, kila mtu huwa makini. Nimeona vijana waliozoea kupigwa picha 300 kwa saa moja wakibadilika kabisa walipoambiwa wakae kimya wapigwe moja.

Sasa ubaya, na sitaupunguza.

Ni nzito. Ikiwa na lenzi na mgongo inapita kilo mbili, na umbo lake halishikiki vizuri. Kuipiga kwa mkono inawezekana, ila kioo chake cha ndani ni kikubwa na kinapopanda kinaitikisa kamera. Chini ya 1/125 mimi siondoi stendi. Kupanda nayo boda kwenda kijijini kunahitaji begi lenye sponji nene, na wewe uwe na mgongo imara. Katika kile kioo cha kutazamia, kushoto na kulia vimebadilishana, kwa hiyo bibi harusi akisogea kulia wewe utamfuata upande usio wake. Utazoea kwa watu waliokaa. Kwa watu wanaotembea utateseka.

Ni ya polepole kwa asili yake. Kwa kila picha kuna wenzo wa kukoki kioo na shata, na wenzo mwingine kwenye mgongo wa kusogeza filamu. Bati likiwa limesahaulika ndani, haibofyi. Kila baada ya picha 10 unafungua mgongo, unalamba gundi ya karatasi na kuufunga mkanda uliokwisha, unahamisha kijiti kitupu, unaingiza mpya, unalinganisha mshale wa kwenye karatasi na alama, unafunga, unazungusha mpaka ikome kwenye namba 1. Fanya hivyo kivulini, maana mkanda uliofungwa kwa ulegevu hupenyeza mwanga pembeni. Wakati unafanya yote haya, kwenye kwanjula, zawadi zimeshaingia na ssenga, shangazi wa bibi harusi, ameshamtoa bwana harusi katikati ya wenzake. Wakati huo haurudi. Ndiyo sababu nimekuambia kazi hiyo waachie dijitali.

Eneo lililo kali ni jembamba. Lenzi yako ya 127 inaona takriban kama lenzi ya 60 kwenye kamera ya filamu ya 35, lakini inabaki kuwa milimita 127. Mtu akiwa mita 2 kutoka kwako na lenzi ikiwa wazi kabisa kwa f/3.8, una kama sentimita 9 tu za ukali: jicho likiwa sawa, sikio limeshakwenda. Funga hadi f/8 upate kama sentimita 20. Familia ya watu saba kwa mistari miwili inataka f/16 na nafasi ya kurudi nyuma, maana yake inataka mwanga mwingi, maana yake nje au flashi za studio. Ukisogea karibu sana na uso, mvukuto (ile mikunjo kati ya lenzi na mwili wa kamera) unanyooka na mwanga unaofika kwenye filamu unapungua. Kuna jedwali ubavuni mwa kamera linalokuambia uongeze kiasi gani. Lisome, liliwekwa pale kwa kazi.

Tuje kwenye pesa. Mkanda mmoja wa HP5 Plus huuzwa ng'ambo kwa karibu dola 10, na Portra ni ghali zaidi. Ukigawa kwa 10, kila mbofyo wa filamu ya bei nafuu ni kama shilingi 3,500 kabla ya nauli, kemikali na kazi yako. Kwa hiyo usiichanganye na bei za picha za pasipoti. Ifanye huduma ya peke yake: familia inakuja, mnakubaliana mkanda mmoja, wanachukua picha mbili tatu zilizochapishwa kubwa na negativu zao wakitaka. Watakaolipa ni wachache, lakini wapo, hasa wale wanaotaka picha ya mama au babu angali hai.

Filamu utaagiza kupitia watu wanaosafiri. Waambie waibebe mkononi, wasiitie kwenye mizigo inayoshuka chini ya ndege, kwa sababu mashine za eksirei za mizigo hiyo ni kali na huifunika filamu kwa ukungu. Uwanjani waombe ikaguliwe kwa mkono. Ukiipata, ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, na uitoe saa chache kabla ya kuifungua isije ikashika umande.

Kuhusu kusafisha: anza na nyeusi na nyeupe, na uisafishe mwenyewe. Huhitaji chumba cha giza; unahitaji mfuko mweusi wa kuingizia mikono, tangi, kipimajoto, na kemikali mbili tatu. Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vya Ulaya havitakuambia vya kutosha. Muda wote ulioandikwa kwenye jedwali ni wa maji ya nyuzi 20. HP5 Plus kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 isiyoongezwa maji ni dakika 7 na nusu. Maji yetu ya bomba huwa na joto zaidi ya hapo. Kwa nyuzi 24 muda huo unashuka hadi kama dakika 5 na nusu, na ukienda chini ya dakika 5 filamu huanza kusafishika kwa mabaka. Mimi huchanganya dawa na maji kiasi sawa, ambapo muda wa nyuzi 20 ni dakika 13, na kwa nyuzi 24 unabaki na dakika kama 9 na nusu. Muda mrefu hukupa nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Suuza ya mwisho tumia maji ya kunywa yaliyochujwa, kisha tundika bafuni baada ya kumwagia sakafu maji vumbi litulie.

Rangi usiianze mpaka uwe umezungumza ana kwa ana na maabara, iwe Kampala au Nairobi, ukaona negativu walizosafisha wiki hiyo. Dawa ya rangi inataka nyuzi karibu 38 na dakika 3 na robo kamili, na dawa iliyochoka hutoa rangi za ajabu zisizorekebishika. Skana ya bei kubwa usiiwaze sasa. Kamera yako ya dijitali ikiwa na lenzi ya makro, taa bapa nyeupe na stendi, itapiga nakala ya negativu vizuri kabisa.

Adui mkubwa kwako Jinja ni unyevu wa ziwa. Kuvu huota ndani ya lenzi na kula kioo. Usiihifadhi kwenye begi la ngozi wala kabatini na nguo. Tafuta ndoo au boksi la plastiki lisilopitisha hewa, uweke vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, uvikaushe mara kwa mara. Negativu nazo hivyo hivyo, kwenye bahasha, pakavu. Zikitunzwa zinadumu. Mwaka 2015 kwenye ghala la UBC, shirika la utangazaji la Uganda, Kampala zilikutwa negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, nyingi za miaka ya Amin, na mwaka 2019 picha kadhaa zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda. Hakuna aliyehitaji nywila wala programu ya zamani kuzifungua. Aliyezikuta aliziinua tu kwenye mwanga akaona watu.

Majaribio sasa. Nenda mchana na simu yako, na uombe nafasi ya nusu saa. Vuta wenzo wa kukoki, kisha toa lenzi. Ikiwa imekokiwa shata inabaki wazi, hivyo mulika tochi ya simu upande mmoja utazame upande mwingine. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na lenzi hiyo usilipie kitu. Rudisha lenzi, weka sekunde 1, rekodi sauti ya shata kwa simu, kisha nusu sekunde, kisha robo. Kamera iliyolala miaka mingi mara nyingi hukwama kwenye kasi hizi za polepole kwa sababu mafuta yamekauka. Hilo fundi wa saa mwenye subira au fundi wa kamera analiweza, lakini lipunguziwe kwenye bei. Kisha ingia chumba chenye giza, toa mgongo, nyoosha mvukuto hadi mwisho, washa tochi ndani yake na utafute nukta za mwanga, hasa kwenye pembe za mikunjo. Mwisho gusa sponji nyeusi za kwenye migongo. Zikinata kama lami zimekufa. Kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja, usiogope.

Ikifaulu lenzi na shata, milioni mbili kwa mwili, lenzi na migongo miwili si bei mbaya. Sponji zikiwa zimekufa omba wapunguze. Ukikuta lenzi ina kuvu, waambie familia ukweli na uwaachie. Badala yake tafuta Yashica Mat-124G, nyepesi zaidi, ya mraba, fremu 12 kwa mkanda, yenye lenzi mbili zisizotoka, moja ya kutazamia na moja ya kupigia. Kipima mwanga chake kilitengenezewa betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena, kwa hiyo usikitegemee.

Kabla ya kulipa, waombe wakuruhusu kupiga mkanda mmoja. Tumia migongo yote miwili, nusu ya mkanda kwa kila mmoja, ukiuhamisha mkanda gizani ndani ya mfuko. Utapoteza fremu kadhaa katikati, haidhuru. Mpige picha shemeji, akae karibu na dirisha. Kisha nitumie nakala za fremu zenye mistari ya mwanga pembeni, kama zipo, nitakuambia ni sponji ipi inayovuja.